Sosi Tengeneza Mwenyewe, Losheni Nunua

Jambiani, Unguja, Julai

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa barazani, kusi linavuma na minazi inapiga kelele kuliko wewe, sikuambulia kitu. Mara ya pili niliingia ndani nikafunga dirisha. Kama nimekufahamu, unauliza mawili. La kwanza, ile sosi ya saladi niliyokuwa nikikufanyieni kwa vitu vya kabatini inakwendaje, maana Jumamosi mnakwenda kula bustanini na wenzio huko London, nawe umeshasema utaleta saladi. La pili, huyo msichana mnayekaa naye nyumba moja amekutengenezea mafuta ya jua kwa mafuta ya nazi na unga wa zinki, akakwambia watu weusi hatuna haja ya zaidi ya hayo. Unataka kujua kama ni kweli.

Nakuandikia, sikurikodii, kwa kuwa vipimo vya kijiko ukivisikia tu utavisahau kabla hujafika jikoni. Mama yako yuko hapa ubavuni, kila nikimaliza mstari ananiuliza nimeandika nini.

Sosi tengeneza mwenyewe. Losheni ya jua nunua dukani. Nitakwambia kwa nini nazitenga hizi mbili, ingawa zote ni mafuta kwenye chupa. Sosi ukiikosea, ulimi unakwambia hapo hapo. Unaongeza ndimu, unaongeza chumvi, mambo yamekwisha. Kinga ya jua ukiikosea hapana wa kukwambia. Unakaa zako unacheka na wenzio, jua linafanya kazi yake kimya, na habari unaipata jioni, au kesho yake, au ukiwa mtu mzima kama mimi.

Haya, twende kwenye sosi kwanza, maana hiyo ndiyo fani yangu.

Kwetu sisi wakati nakua, saladi lilikuwa ni jina la jani tu, lile linalouzwa kwa mafungu sokoni Darajani. Mezani tulikuwa na kachumbari: tungule, kitunguu, pilipili, ndimu na chumvi, basi. Hii habari ya mafuta na siki kwenye majani nimeijua hotelini, na mwanzo niliona ni ujinga. Mtu anamwagia mboga mbichi mafuta? Lakini miaka kumi na tisa nimesimama kwenye meza ya saladi, wageni wanakuja na kuondoka, na nilichojifunza ni kwamba sosi haihitaji kwenda sokoni. Ukiwa na kitu kikali, kitu cha mafuta, chumvi na kitu kitamu kidogo, umemaliza. Vyote hivyo viko kabatini mwako sasa hivi, nina hakika, nyuma ya zile paketi za tambi.

Chukua chupa ya jemu iliyokwisha, yenye kifuniko kinachobana. Ioshe, ikaushe. Tia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu, au siki kama ndimu huko zinauzwa moja moja kama mayai. Tia robo kijiko cha chai cha chumvi. Funga, tikisa, ngoja kidogo mpaka chumvi iyayuke. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanaanza na mafuta. Chumvi haiyayuki kwenye mafuta. Utaitikisa mpaka mkono ukuume, nayo itakaa chini ya chupa inakutazama, halafu yule atakayechota mwisho ndiye atakayekula chumvi ya watu wote.

Chumvi ikishayayuka, tia nusu kijiko cha chai cha haradali ya kopo, ile iliyokwisha kuwa rojo. Haradali hii si kwa ukali tu. Mafuta na maji hawaoani. Ukiwatikisa watachanganyika kwa heshima yako, ukigeuka kila mmoja anarudi kwao. Haradali ndiyo mshenga. Inawashika wote wawili mkono, sosi inakuwa nzito na inakaa hivyo mpaka mle. Ongeza asali ncha ya kijiko. Mwisho kabisa mafuta, vijiko viwili vya chakula. Funga, tikisa kwa nguvu mpaka rangi ibadilike iwe ya maziwa maziwa.

Wafaransa wanasema mafuta matatu kwa siki moja. Mpishi mkuu wetu alikuwa akisema hivyo, na wageni wake walikuwa wakipenda hivyo. Mimi nakupa mawili kwa moja kwa sababu nakujua: wewe ni mtoto uliyekula maembe mabichi kwa chumvi na pilipili mpaka meno yakafa ganzi. Wenzio wakiona kali, ongeza kijiko cha tatu.

Na usionje kwa kijiko. Sosi kwenye kijiko siku zote ni kali kupita kiasi, utaishia kuongeza mafuta bure. Chovya jani la saladi, likung'ute, kula. Hiyo ndiyo ladha watakayoipata wao.

Mafuta ya alizeti yanatosha. Ya zeituni yakiwepo, vizuri zaidi, ila ukiyaweka kwenye friji yataganda ganda; usiogope, yatoe mapema kidogo. Mafuta ya uto, yaani ya ufuta, matone mawili tu kwa harufu, si zaidi. Mafuta ya nazi usitie. Najua chupa uliyobeba kwa bibi yako bado unayo, na najua unayapenda. Hapa kwetu ni maji mwaka mzima, lakini joto likishuka chini ya nyuzi 24 au hivi yanaganda, na jikoni kwenu huko hata kiangazi hapafiki hapo kila siku. Utawalisha watu majani yaliyopakwa mshumaa.

Ukishaishika hiyo ya msingi, cheza. Mimi nilikuwa nikikaanga uzile mkavu kwenye kikaango bila mafuta, mpaka unukie, nausaga, natia ncha ya kijiko. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikikufanya uniulize mbona saladi inanukia pilau. Siku ndimu zikikosekana nilikuwa naroweka ukwaju, nauchuja, nautumia mahali pa siki, na hapo asali huongezwa kidogo. Ikiwa una achari ya embe, lile rojo lake la juu kijiko kimoja linatosha sosi ya watu sita, ila hapo chumvi usitie tena mpaka uonje. Kitunguu chako kikate chembamba, kikande kwa chumvi, kioshe, kikamue, kama tunavyofanya kwenye kachumbari. Kitunguu cha huko kikiliwa kibichi bila kukandwa, mazungumzo yote ya Jumamosi yatakuwa ya kitunguu.

Nimekwambia sosi ikikosewa ulimi unasema. Pana moja ulimi hauioni, na lazima nikwambie. Kitunguu thomu kibichi kilicholala kwenye mafuta. Usikiweke chupani ukakiacha juu ya kabati wiki nzima. Thomu hutoka ardhini, hubeba vijidudu ambavyo vinapenda mahali pasipo na hewa, na ndani ya mafuta hamna hewa. Sumu yake haina harufu, haina ladha. Ukitaka thomu, pondea siku hiyo hiyo, tia, kula. Kikibaki kiweke kwenye friji, na kama siku ya nne hakijaliwa, mwaga bila huruma. Sosi isiyo na thomu, ile ya siki, chumvi na mafuta, haina makuu. Itakaa kwenye friji wiki na zaidi.

Halafu majani. Sosi nzuri juu ya majani mabichi yenye maji ni kazi bure, mafuta yanateleza, maji yanabaki chini ya bakuli na sosi yako imo humo. Hotelini kabla ya kuletewa ile mashine ya kuzungusha, tulikuwa tunayatia majani kwenye kitambaa kikubwa cha pamba, tunakusanya pembe nne, mmoja wetu anatoka nyuma ya jiko anakizungusha hewani kama mtu wa kombeo. Matone yanaruka, paka wanakimbia. Mara moja pembe moja ilimponyoka kijana, saladi ya watu ishirini ikapanda juu ya paa la makuti. Wewe zungushia bafuni.

Jumamosi chupa iende peke yake na majani yaende peke yake. Mimina mkishakaa, kidogo, changanya kwa mikono, mimina tena. Tungule kata huko huko.

Na hapa sasa ndipo maswali yako mawili yanapokutana, bila wewe kujua. Ndimu ikamue nyumbani. Usiikamulie bustanini juani. Ukishakamua, nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko ndipo utoke.

Unayakumbuka yale madoa meusi yaliyokuwa mkononi mwangu, yale marefu kama kitu kimetiririka? Ulikuwa bado skuli ya msingi. Ukaniuliza kama nimeungua na mafuta nikasema ndiyo, kwa sababu sikuwa na la kukueleza. Sasa nikueleze. Ilikuwa msimu wa kaskazi, wageni wengi, hoteli wakataka samaki wa kuchoma ufukweni. Nikakaa chini kwenye mchanga na beseni langu la ndimu, nikakamua moja baada ya moja, asubuhi nzima. Maji yanashuka kwenye kiganja, yanapita kwenye kifundo, yanaishia kwenye kiwiko. Nikawa najifuta kwa aproni tu. Jua la utosini. Sikuhisi chochote, mwanangu. Siku hiyo hapakuwa na kitu, nililala vizuri.

Kesho yake mchana mkono ukaanza kuwasha. Siku ya tatu ukavimba, ukatoa malengelenge, na malengelenge yenyewe yamefuata njia ile ile ya maji ya ndimu, kama mtu aliyechora kwa kalamu. Mama yako akasema hili ni jicho la mtu. Jirani akasema ni buibui. Daktari aliyeniona alitazama ile michirizi, hakunipima hata, akaniuliza: "Wewe mpishi? Ulishika ndimu?" Akanieleza kwamba ndani ya maji ya ndimu, na zaidi ndani ya ganda, mna kitu ambacho peke yake hakina neno, na jua peke yake lisingenifanya vile, ila vikikutana juu ya ngozi vinaunguza. Na vinachukua siku nzima kabla ya kujionyesha, ndiyo maana watu hawaunganishi. Malengelenge yalipona kwa wiki mbili. Weusi ule ulikaa miezi.

Baada ya hapo nikaanza kuwaona. Mgeni aliyekamulia maji ya ndimu kwenye kinywaji chake kando ya bwawa, kesho kutwa ana alama za vidole. Msichana aliyejipaka ndimu usoni kwa ajili ya chunusi, akatoka kwenda zake, akarudi na uso una ramani. Kwa hiyo ndimu kwenye bakuli, sawa, tia unavyotaka. Usoni hapana, hata shangazi yako akikuapia.

Turudi kwenye chupa ya huyo mwenzio. Usimkasirikie, nia yake njema. Mafuta ya nazi ni mazuri kwa ngozi kavu, kwa nywele, kwa mtoto mchanga baada ya kuogeshwa. Kinga ya jua siyo. Yanang'arisha, na mtu akijiona anang'aa anadhani amejikinga. Mama zetu wamejipaka maisha yao yote, wakatoka na kanga kichwani, na sisi tukadhani kilichowakinga ni mafuta. Ni kanga.

Zinki aliyotia, hiyo kweli hutumika kwenye losheni za kiwandani. Lakini kiwandani inasagwa laini sana, inasambazwa sawasawa, halafu inapimwa kwa mashine na kwa ngozi za watu, ndipo wanaandika namba. Ukikoroga kwenye bakuli la uji panabaki vidonge hapa na pengo pale, na jua linapita kwenye pengo. Na hata akiikoroga vizuri kuliko wote, hana namna ya kujua ni namba ngapi. Mimi nakadiria chumvi kwa jicho, sioni aibu kusema hivyo, lakini miale ya jua haikadiriwi kwa jicho.

Kuhusu weusi wetu. Ngozi nyeusi ina kinga yake, Mungu hakutuumba hivi bure, na mtu mweupe ataungua kabla yako. Lakini kinga pungufu ni kinga pungufu. Sisi nasi tunaungua, ila wekundu hauonekani vizuri. Utahisi ngozi imekaza, inachoma ukiigusa, baadaye inabambuka. Na kinachotusumbua zaidi ni madoa. Chunusi ikishapona, kovu dogo, jua likilipata linakuwa jeusi na linachelewa kuondoka. Vijana wengi hapa wanakimbilia mkorogo kuyaondoa, mkorogo unaiacha ngozi dhaifu kwa jua, jua linaongeza madoa, wanaongeza mkorogo. Nimeona nyuso zimekwisha kwa hilo.

Saratani ya ngozi kwetu ni nadra kuliko kwa weupe, lakini ipo. Bob Marley alifariki mwaka 1981, ana miaka 36 tu, kwa saratani ya ngozi iliyoanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Aina ile haihusiani sana na jua, wala losheni isingemsaidia. Nakutajia ili ujue kwamba weusi si hirizi, na kwamba ukiona doa geni linalokua kwenye unyayo, kiganja au chini ya ukucha, uende hospitali usiseme ni viatu. Na kwa wenzetu wenye ualbino hii losheni si mambo ya urembo hata kidogo. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza losheni maalumu kwa ajili yao, inaitwa Kilisun. Wenye kazi hiyo wameona inafaa kutengenezwa hospitali, na wataalamu, na vipimo. Hawakusema kila mtu akoroge kwake.

Sasa jua la huko. Unanichekesha ukisema joto. Hapa ni kipupwe, mama yako analala na shuka mbili, na sherehe ya Mwaka Kogwa ya Makunduchi ndiyo hii. Lakini usipime jua kwa joto. Joto ni kitu kimoja na miale inayounguza ni kitu kingine, na miale hiyo haina joto la kukushtua. Wageni wetu walioungua vibaya kuliko wote waliungua siku za kusi, upepo wa baridi, mawingu mepesi, wamelala mchangani wanasema raha iliyoje. Jioni wanakuja kwenye meza yangu wanashindwa kuvaa shati.

Kipimo cha jua unacho, uliwahi kufundishwa chuoni kwa maalim. Alasiri inaingia vipi? Kivuli cha kitu kikilingana na urefu wake, ukiongeza na kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa juu kabisa. Basi tumia kivuli hicho hicho, ila bila kuongeza kitu. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua ni kali, jikinge. Kikikuzidi, limelegea. Hapa kwetu mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapita juu ya utosi kabisa, mtu anakikanyaga kivuli chake. Huko London mwezi huu kivuli chako cha mchana ni zaidi kidogo ya nusu yako. Si haba, ni jua hilo. Ila kumbuka saa zenu zimesogezwa mbele, jua linafika juu kama saa saba na dakika chache, si saa sita. Ndiyo maana idara ya afya ya huko, NHS, wanawaambia watu wakae kivulini kati ya saa tano asubuhi na saa tisa mchana, kuanzia Machi mpaka Oktoba. Nyinyi mnakula saa ngapi? Saa saba. Tandikeni chini ya mti.

Dukani tafuta hivi. Namba ya SPF, ile ya kiasi cha kinga, isipungue 30. Thelathini ikipakwa vizuri inazuia kama asilimia 97 ya miale ya UVB, ile inayounguza, hamsini kama asilimia 98, kwa hiyo usijifilisi kwa ajili ya ile asilimia moja. Kuna miale mingine, UVA, inayopenya mpaka kwenye kioo cha dirisha. Hiyo ndiyo inayohusika na madoa na makunyanzi, nawe unakaa dirishani kwenye basi kila siku. Angalia nyota za UVA nyuma ya chupa, ziwe nne au tano, au yale maneno UVA ndani ya duara. Angalia pia kijipicha cha kopo lililofunguliwa, kimeandikwa 12M au 6M. Hiyo ni miezi ya kutumia baada ya kufungua. Bei usiifanye kipimo. Chupa ya bei nafuu unayoipaka ya kutosha ni bora kuliko ya bei kubwa unayoidonoa.

Zile za zinki zitakufanya uwe kijivu kama umetoka kwenye majivu, ukijitazama hutajijua. Tafuta isiyoacha weupe, au ile yenye rangi ya ngozi ndani yake. Hiyo ya rangi inasaidia zaidi kwa mtu mwenye madoa. Ikiandikwa inang'arisha au inafanya mweupe, irudishe kwenye rafu.

Wewe unajitanda, kazi yako ndogo: uso, shingo ya mbele, masikio ikiwa yako wazi, mikono, na juu ya miguu ukivaa ndara. Uso na shingo, paka mstari wa losheni urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Utaona ni nyingi. Ndiyo kiasi chake hicho. Watu wanapaka nusu halafu wanailaumu chupa. Paka robo saa au nusu saa kabla ya kutoka, rudia kila saa mbili, na rudia ukitoka jasho. Na ukitawadha, umeiosha. Adhuhuri ya huko inaingia wakati ule ule jua liko juu, kwa hiyo sali, jikaushe uso, paka tena. Usitie losheni kwenye mfuko mwingine na msala kwenye mfuko mwingine. Ziwe pamoja utakumbuka.

Nguo inafanya kazi kubwa kuliko losheni, hilo mama yako anataka niliandike kwa maneno yake. Yeye anakwenda mwanini tangu kilimo hicho kilipoanza pwani yetu mwaka 1989, bamvua kwa bamvua, maji yakitoka yeye yumo, jua juu na mwangaza mwingine unarudi kutoka kwenye maji na mchanga. Anasema: mikono mirefu, suruali chini ya gauni, kanga mbili kichwani, na pama juu ya kanga. Nguo iwe nzito na ya rangi iliyokolea. Nyeupe nyepesi ikilowa inapitisha. Na liwa anayoisaga kwenye jiwe na marashi, akajipaka uso mzima ukawa wa manjano kama mwali? Nilimuuliza leo kama anadhani ni kinga. Akasema, "Inapoza, inanukia, na nikipakaa najua nimejiandaa." Nikamwambia lakini haijapimwa. Akasema, "Na wewe umepimwa?" Sikuendelea. Tangu mwaka jana anapaka losheni chini na liwa juu, ila usimwambie nimekwambia.

Jambo moja la kinyume, nisije nikakufanya ukimbie jua kabisa. Ngozi kama yetu, chini ya jua la huko, na ukiwa umejitanda, huenda isipate vitamini D ya kutosha. Huko wanashauri kila mtu afikirie kunywa maikrogramu 10 kwa siku kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi, na mtu anayejitanda kama wewe anywe mwaka mzima. Ni kidonge kidogo, hakina bei. Muulize mfamasia.

Mafuta ya nazi ya bibi yako yapake nywele, na ya mwenzio mwambie ni mazuri kwa visigino, hutakuwa umemdanganya.

Kuna mtu anasafiri mwezi ujao, nimempa kilo moja ya ukwaju uliokwisha kutolewa kokwa na uzile robo. Mama yako ametia kipande cha liwa bila kuniuliza. Jiwe la kusagia hakuliweka, lilikuwa zito.

Nitumie picha ya bakuli kabla hamjalimaliza.

Baba yako